Zawadi Iliyokuja na Mto Wake wa Kulalia

Mke wa fundi umeme alikuwa mshonaji wa mapazia, na tangu waoane hakuwahi kuumiza kichwa juu ya zawadi ya mumewe. Shati, mkanda, bisibisi mpya, basi. Lakini fundi alipostaafu, pepo wa nasaba alimpanda kichwani. Aligeuza karatasi za kalenda kuukuu, akazibandika ukuta mzima wa sebule, akaanza kuchora ukoo wake kama alivyozoea kuchora nyaya za nyumba: wahenga juu, wajukuu chini, na alama nyekundu kwa kila aliyetangulia mbele ya haki. Mgeni aliyebisha hodi aliulizwa jina la babu yake kabla hajaonyeshwa kiti.

Siku yake ya kuzaliwa ilipokaribia, mke alikwenda kwenye duka la vifaa vya kuandikia, akamweleza muuzaji shida yake. Muuzaji alimtolea kioo cha kukuzia maandishi.

"Anacho," alisema mke. "Juzi alinitazama nacho pua, akasema nina pua ya ukoo fulani."

"Albamu ya picha je?"

"Anazo. Zimejaa watu asiowajua."

"Basi mchukulie kinasa sauti, awarekodi wazee."

"Kinasa sauti hakikosi. Anachokosa ni sauti ya kunasa."

Maneno yale yalimtoka bila kuyafikiria, na palepale akajua zawadi ni nini. Aliaga, akaondoka mikono mitupu.

Zawadi yenyewe ilikuwa shangazi, dada wa marehemu baba mkwe. Kwa jinsi fundi alivyojua, ndiye peke yake aliyebaki wa kizazi kile, tena hawasemeshani. Kisa ni arusi moja ambapo fundi, kalamu mkononi, alimuuliza mbele ya watu alizaliwa mwaka gani. Tangu siku hiyo shangazi alifunga mdomo, akafunga na mlango.

Mke alimkuta barazani anachambua mchele.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Amekutuma?"

"Hajui hata kama nimetoka. Nimekuja kwa habari ya zawadi."

"Umeniletea zawadi?"

"Hapana, shangazi. Nataka nikutoe wewe."

Shangazi aliweka ungo chini, akamtazama juu mpaka chini. "Nimeitwa mengi katika maisha yangu," alisema. "Zawadi, bado." Kisha mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko. Alikubali kwa masharti: mwaka wake usiguswe, na asiulizwe lolote akiwa na tonge mdomoni.

Siku ilipofika, alikuja na mkoba mmoja na mto wake wa kulalia kwapani. Mke alipouona ule mto, alijua zawadi hii si ya kutwa moja. Fundi alifungua mlango, akabaki ameshika komeo.

"Mimi ndiye zawadi," alisema shangazi. "Nipishe nipite."

Hakuketi. Alikwenda moja kwa moja ukutani. "Hili si jina, ni la utani. Na huyu umemwoza dada yake." Fundi alifuta, akaandika, akafuta tena, jasho likimtiririka kwa raha. Mara kidole cha shangazi kikasimama kwenye alama nyekundu. "Na huyu mdogo wangu, nani kakwambia amekufa?"

Fundi alimgeukia taratibu. "Wewe, shangazi. Nilikuuliza baba mdogo yuko wapi, ukasema, 'Kwangu mimi huyo amekufa.'"

"Nilisema kwangu mimi. Sikusema kwa ulimwengu mzima."

Ikajulikana kwamba waligombana kwa sababu ya kabati la marehemu mama yao, ambalo huyo mdogo wake aliligawa bila kumuuliza. Ugomvi ulikuwa wa siku nyingi, lakini namba ya simu shangazi alikuwa nayo. Mke, aliyesaidia kuitafuta kwenye simu ya shangazi, aliikuta imehifadhiwa kwa jina la Kabati.

Fundi alipiga, akaweka simu kwenye sauti kubwa.

"Shikamoo, baba mdogo. Mimi mtoto wa kaka yako, fundi umeme."

"Marahaba. Nasikia unatafuta watu wa ukoo. Mbona mimi hukunitafuta?"

Fundi alikohoa. "Nilikuwa nimekuweka kwa marehemu."

"Nani kanizika?"

Macho yote yakamgeukia shangazi. "Muulize kabati liko wapi," alinong'ona, mnong'ono wa kusikika mpaka kwa jirani.

"Huyo ni dada?" Sauti ya mzee ilibadilika. "Mwambie lile kabati lilikuwa limeliwa na mchwa. Nilimwambia tangu wakati ule, akanikatia simu."

"Sikukata. Ilikatika."

Wakaanza upya, huyu anasema, yule anapokea, na fundi amenyoosha mkono katikati yao kama mtu aliyeshika waya wenye umeme asijue pa kuuweka. Kinasa sauti alikisahau mezani. Mke alianza kujuta moyoni kwa nini hakununua mkanda tu. Ndipo shangazi akaisogelea simu, akauliza kwa sauti ya chini, "Umekula?"

"Bado."

"Mtu mzima mpaka saa hizi hujala. Njoo huku Jumapili."

Jumapili baba mdogo alifika, mwembamba, amevaa koti lililompwaya. Shangazi alimkemea kwa kukonda, akamjazia sahani. Mke aliwaacha sebuleni, akarudi kwenye cherehani yake. Haukupita muda fundi akaingia, akajikalisha juu ya marobota ya vitambaa.

"Mbona umewaacha wageni?"

"Wamenifukuza. Wanabishana mama yao alikuwa mrefu au mfupi, nikauliza swali moja tu, wakasema nawakatiza."

Alikuwa anatabasamu mpaka masikioni. Vicheko viwili vya kizee vikapenya ukutani, kimoja chembamba, kingine kizito. Mke akasukuma mkasi kando, akampa mumewe upindo wa pazia amshikie.