Mfumo wa Maktaba na Maladhi ya Kuku

Nakhungu alikuwa mkutubi wa chuo kimoja cha ufundi mjini Kitale kwa miaka kumi na tisa, na muda wote huo kitabu kikitafutwa, kilitafutwa kichwani mwake. Kadi za katalogi zilikuwapo, ndiyo, katika kabati la droo sitini, lakini mchwa walikuwa wamezisoma kabla ya wanafunzi. Kwa hiyo mkuu wa chuo, Madam Jerono, alipomwambia kwamba bodi imekubali kununua mfumo wa kompyuta wa maktaba, na kwamba yeye ndiye ataongoza kamati ya kuuchagua, Nakhungu alifurahi kwa dakika tano hivi. Dakika ya sita akaambiwa kamati yenyewe ni yeye na Bwana Nderitu wa ofisi ya ununuzi.

Nderitu hakuwa mtu mbaya. Ni vile tu alipenda vitu vyenye taa. Ni yeye aliyekinunulia chuo mashine ya kupangusa viatu, ikasimama mlangoni mwa ofisi ikiwaka bluu kutwa nzima, na mpaka leo haijapangusa hata kiatu kimoja.

Muuzaji wa kwanza, Nyambu, alitoka Nairobi na suti ya kubana na projekta yake mwenyewe. Mfumo wake ulikuwa na kamera ya kutambua nyuso, na sauti ya mwanamke iliyosema "Karibu maktabani" kwa lafudhi ambayo hakuna aliyejua inatoka wapi. Nderitu alikaribishwa mara nne. Alikuwa akitoka na kuingia makusudi.

"Na siku tukitaka kuhama mfumo huu," Nakhungu akauliza, "rekodi zetu tutatoka nazo?"

Nyambu akatabasamu. "Madam, si hata harusi haijafanyika na wewe unaongea talaka!"

Nderitu alicheka hadi akakohoa. Nakhungu hakucheka. Alifungua daftari lake akaandika: Hajajibu.

Jumatano iliyofuata alifunga maktaba akaenda Bungoma, bila kumpigia mtu simu. Huko alikuwako Walubengo, aliyesoma naye ukutubi, na maktaba yake ilikuwa imetumia mfumo mwingine kwa miaka miwili. Alimkuta mezani akibandika kwa gundi kitabu kilichoachana kurasa.

"Nakhungu! Ati umekuja kunipeleleza?"

"Nimekuja kuona mfumo wako. Lakini usinionyeshe uzuri wake, bana. Nionyeshe ubaya."

Walubengo akaweka gundi chini. Hakuna mtu aliyewahi kumwomba kitu kitamu kama hicho. Alilalamika saa nzima. Vibandiko vya mistari vya kutambulisha vitabu vilibanduka msimu wa mvua. Stima ikipotea, walirudi kwa daftari. Na mwaka jana mfumo ulikosea, ukawatumia watu mia mbili ujumbe wa kuwakumbusha warudishe vitabu, ilhali kwenye rekodi hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na kitabu.

"Mkafanya nini?"

"Tufanye nini? Mia moja na kumi walileta vitabu!"

Programu yenyewe ilikuwa ya bure, Walubengo akaeleza. Waliyemlipa ni mtu wa kuiweka, kuwafunza na kuja ikigoma: msichana mmoja wa Kamukuywa anayeitwa Emmy. "Ukimpigia simu anashika. Andika hiyo." Nakhungu akaandika.

Aliporudi Kitale alitoa sharti moja: hakuna hotuba tena. Nyambu na Emmy waingize vitabu mia tatu vilevile kwenye kompyuta mbili, kisha msomaji wa kweli atafute anachotaka. Nderitu akakubali, akidhani ataitwa mwalimu fulani. Nakhungu akamwita mpishi wa chuo, Mama Nangila wa Ndalu, aliyeazima vitabu kuliko walimu wote, na ambaye kuku wake walikuwa wakifa wiki hiyo.

Mama Nangila alikaa mbele ya kompyuta ya Nyambu, akafuta kidole kwa aproni, akaandika polepole: maladhi ya kuku.

Mfumo ukafikiri. Taa ikawaka. Ukauliza: Je, ulimaanisha malazi? Kabla hajajibu, ukamletea kitabu cha kuendesha hoteli ndogo.

"Ati kuku wangu wakalale hoteli?" Mama Nangila akashangaa.

"Mama ameandika vibaya," Nyambu akasema haraka.

Mama Nangila aligeuka na kiti kizima. "Nimeandika vile naongea. Wewe ndio umeleta mashine haisikii."

Akahamia kwa Emmy, akaandika maneno yaleyale. Vitabu vitatu vya maradhi ya kuku vikajipanga kwenye skrini. Nyambu akasema ni bahati tu. Mama Nangila akaandika kirimo cha mboga, na kilimo cha mboga kikaja bila kinyongo.

"Umefanyaje?" Nderitu akauliza.

"Bungoma niliona watu wanakosa vitabu kila siku na viko kwa rafu," Emmy akasema. "Nikaiambia L na R ni kitu moja. Ilinichukua siku mbili."

Miaka kumi na tisa watu wamemwomba Nakhungu kirimo, naye akawapa kilimo, wala hakuwahi kujua kwamba hiyo ilikuwa kazi. Sasa hapa kulikuwa na msichana aliyeiona, akaifunza mashine. Alihisi kama mtu aliyesifiwa bila kutajwa jina.

"Na rekodi zetu tutatoka nazo?"

"Hata kesho, Madam. Ni zenu."

Nderitu aliitazama kamera ya Nyambu kwa huzuni. "Na ile sauti ya kukaribisha watu?"

"Nitakukaribisha mwenyewe, Bwana Nderitu," Nakhungu akasema. " Mara nne kwa siku ukitaka."

Nderitu akatia sahihi.

Kuingiza vitabu vyote kulichukua miezi minne na vikombe vingi vya chai. Wiki ya kumi na moja Emmy alikuta kadi ya mwaka 2008: kitabu cha namna ya kutumia muda vizuri, kimeazimwa na Nderitu, hakijarudi. Nderitu alikana kabisa. Kesho yake asubuhi akaja nacho kimefungwa kwa gazeti.

"Sijamaliza," akasema.

Nakhungu akamwongezea wiki mbili.