Mramba wa Mzee Rutashobya

Dorotea, jirani wa ng'ambo ya ua, anasimulia kwamba mzee Rutashobya alilewa siku ya Krismasi kabla hata padri hajamaliza misa. Anasema alimwona kwa macho yake mawili akipanda njia ya mawe ya Igogo, koti la suti limekaa upande, mkono mmoja unashika ukuta na mwingine unafukuza nzi wasiokuwepo. Alipomwamkia shikamoo, mzee hakuitikia marahaba, alisema, "Waambie wawatoe ng'ombe kanisani." Akifika hapo Dorotea hucheka mpaka ajifute machozi kwa kanga. "Rubisi ya Wahaya hiyo," humalizia. "Mwenye sukari unamkataza chai, pombe anajua ilipofichwa."

Kuyumba aliyumba, na habari ya ng'ombe aliisema kweli. Pombe hakuionja. Aliyejua hivyo ni Ng'washi, mke wa Clavery mtoto wa mzee, mkamwana wa nyumba ile, ambaye tangu kulipopambazuka alikuwa uani akimenya ndizi na kuangalia anayetoka na anayeingia.

Nyumba ile ilikuwa na sheria, na mwenye sheria alikuwa mama mkwe wake, Leonsia. Hospitali walipomwambia mume wake ana ugonjwa wa sukari, nesi alieleza mengi, lakini Leonsia alitoka na neno moja: asile. Miaka ile sukari yenyewe ilikuwa ya foleni kwenye duka la ushirika, inagawanywa kaya kwa kaya. Ukiikosa, unangoja mgao mwingine. Leonsia akauingiza mgao huo mpaka kwenye tumbo la mumewe. Akila kiazi asubuhi, jioni ndizi hana. Akiongeza maharage, kesho yake yanapunguzwa. Mzee, aliyekuwa karani wa pamba na kuzoea kunyenyekewa na watu wenye magunia, alikubali yote, maana alimwogopa Leonsia kuliko ugonjwa.

Jioni ya kuamkia Krismasi walipatana mbele ya watu wote, kwa kicheko.

"Baba Clavery, chagua," Leonsia alisema. "Uji wa asubuhi, au ndizi za mchana na nyama. Viwili sina."

"Na senene wa kukaanga?"

"Senene utapata ukikaa na njaa yako vizuri."

"Basi nitafunga. Zamani tulikwenda komunyo na tumbo tupu, na hatukufa."

Walicheka wote. Ng'washi naye alicheka.

Asubuhi mzee alijichoma sindano yake ya kushusha sukari kama siku zote. Chupa ya dawa ilikaa ndani ya kopo, kopo likaelea kwenye mtungi wa maji ili dawa isipate joto, na Ng'washi ndiye aliyechemsha sindano. Alimsikia nyuma ya pazia akivuta pumzi, kisha akamwona akitoka na koti lake, anapita karibu na sufuria ya uji bila kugeuza shingo. Clavery alikuwa ameshaondoka kwenda kumpokea baba yake mdogo, Bagenda, na watoto wake, kwenye kivuko cha Busisi. Leonsia, kiongozi wa akina mama kanisani, alitangulia. Mlangoni alimwachia Ng'washi agizo.

"Rubisi ni ya wageni. Mramba ni wa watoto wao. Baba yako akiuomba, mwambie nimekataza mimi. Hata tone."

Mramba ni maji ya ndizi mbivu zilizokamuliwa, kabla hayajatiwa mtama yakachacha na kuwa rubisi. Ni matamu kuliko soda. Leonsia aliuweka kwenye chungu chini ya meza, akaufunika kwa jani la mgomba, akalibonyeza jani pembeni ili likiguswa ajue.

Sasa mzee amerudi peke yake, misa haijaisha, ameketi kwenye kiti cha uani. Upepo wa ziwa ulikuwa unavuma hata majivu yanaruka, lakini yeye shati lilikuwa limemganda mgongoni kwa jasho.

"Shikamoo, baba. Mbona mapema?"

Mzee alimtazama. "Eugenia," akasema, "umechelewa sana."

Eugenia alikuwa dada yake, alizikwa Bukoba kabla Ng'washi hajazaliwa. Ng'washi akaweka kisu chini.

"Ni mimi, baba. Mke wa Clavery."

"Lete mramba."

"Mama amekataza, baba."

"Nimesema lete." Sauti ilikuwa kali, na mzee huyu hakuwa na ukali. Midomo yake ilitetemeka. Vidole vilichezacheza juu ya goti kana kwamba vinahesabu kitu, kisha vikasahau.

Kichwa cha Dorotea kikatokea juu ya ua.

"Mzee keshaanza sikukuu. Sisi tunangoja nini?"

"Hajanywa, dada."

"Nani kasema?"

"Hanuki pombe."

"Ehee. Umemnusa? Baba mkwe wako?"

Ng'washi aliinamisha uso. Dorotea alikuwa Msukuma kama yeye na alijua pa kuchoma. Kwao mke hamgusi baba mkwe. Chakula anakiweka kwenye kigoda, anarudi nyuma, ndipo mzee anachukua. Tangu aolewe hakuwahi kugusana na mzee Rutashobya hata ncha ya kidole. Leonsia alimtania mara nyingi, "Mwanangu, huyu ni Mhaya, hana pembe," lakini Ng'washi hakuacha. Mzee naye aliipenda heshima hiyo. Alimngoja arudi nyuma, kisha ndipo anyooshe mkono.

Mzee alijaribu kusimama. Goti moja likakunjika, akashuka chini taratibu akiwa ameshikilia mguu wa kiti, mpaka akakaa mavumbini na suti yake ya sikukuu.

Ng'washi hakuwa daktari. Alichokuwa nacho ni alichokiona. Aliona sindano imeingia na uji haujaingia. Na aliwahi kuliona jasho hili mara moja, msimu wa kupanda, mzee aliporudi amechelewa kutoka foleni ya unga. Siku ile mzee alijipenyeza jikoni akidhani hakuna mtu, akachukua kiazi kwenye sufuria, akakila kwa pupa huku mikono ikitetemeka. Baada ya muda jasho lilikauka, akawa mtu tena. Ng'washi alikuwa nyuma ya mlango. Hakumwambia mtu, kwa sababu ingekuwa kumtangaza mzee mwizi ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Lakini kiazi si mramba. Na kama amekosea? Kama ni sukari imepanda, kama mzee alionjeshwa kitu njiani, basi kikombe kimoja kitammaliza, na watu watasema Msukuma wa Clavery alimuua mkwewe kwa utamu siku ya Bwana.

"Dada Dorotea, ingia. Umshikie kikombe. Mimi siwezi kumgusa."

"Kikombe cha nini?"

"Mramba. Nadhani ni njaa. Dawa imemzidi na tumboni hana kitu."

Dorotea aliacha kucheka. "Mwenye sukari unampa mramba? Mama Clavery akiniuliza nitamjibu nini? Mmwagie maji kichwani, pombe itamtoka. Mimi nakwenda kumwita mwenye mume." Akatoweka, na kandambili zake zikasikika zikiteremka njia ya mawe.

Kanisani si mbali, lakini si karibu pia.

Mzee alikuwa ameegemea kiti, kidevu kinashuka kifuani, kinapanda, kinashuka tena, na kila kikishuka kinachelewa kupanda. Ng'washi aliingia ndani, akalitoa jani kwenye chungu, akachota. Akarudi na kigoda. Aliweka kikombe juu ya kigoda mbele ya mzee, akarudi nyuma, kama siku zote.

"Baba, chukua."

Mkono wa mzee ulinyanyuka, ukapita pembeni ya kikombe, ukashika hewa. Ukajaribu tena. Mara ya pili uligonga kigoda, mramba ukamwagika kidogo, nyuki mmoja akaja. Mzee aliutazama mkono wake akiushangaa, halafu macho yakaanza kujifumba.

Ng'washi alipiga magoti. Aliweka kiganja nyuma ya shingo ya baba mkwe wake. Ngozi ilikuwa ya baridi na imelowa, na kwa namna fulani alitazamia kitu kitokee, radi au sauti, lakini hakikutokea kitu. Alisogeza kikombe.

"Meza, baba. Meza kwanza nione."

Akampa kidogo tu, cha kulowesha ulimi. Akangoja mpaka alipoona koo limepanda na kushuka. Akampa tena. Kingine kilimtoka pembeni mwa mdomo kikaingia kwenye tai. "Meza, baba." Alikuwa anasema naye kama na mtoto, na hakuona aibu, maana aibu ilikuwa imeachwa nyuma pamoja na kigoda.

Kikombe kikaisha. Mzee hakuwa mzima wala hakuwa amekufa. Jasho lilikuwa lile lile. Akiongeza kingine na amekosea, je? Asipoongeza na alikuwa sahihi, je? Akachota kingine.

Walikuwa katikati ya hicho cha pili Leonsia alipoingia, viatu mkononi, utepe wa akina mama umemkalia begani, Dorotea nyuma yake anahema.

"Umempa nini?"

Ng'washi hakuondoa mkono shingoni kwa mzee. "Mramba, mama."

"Nilikuambia nini mimi?"

"Hata tone."

"Na wewe ukafanya nini?" Leonsia alimpokonya kikombe, akakinusa, akakitazama ndani. Sauti yake ilishuka, na iliposhuka ikawa mbaya zaidi. "Miaka yote hii nimemlinda huyu. Nimemnyima mpaka watoto wananiita katili. Wewe siku moja tu nimegeuka."

"Asubuhi alijichoma, mama. Na hakula. Tulimwambia asile ili ale mchana. Dawa imekaa mwilini peke yake."

"Nani alikufundisha?"

"Sikufundishwa. Nilimwona siku moja akiiba kiazi."

Leonsia alimgeukia mumewe. Jasho kwenye paji la uso la mzee lilikuwa limeanza kukauka, linaacha michirizi ya chumvi. Macho yake yalizunguka uani, yakaiona sufuria, yakamwona Dorotea, yakafika kwenye kiganja kilichokuwa bado nyuma ya shingo yake. Akajua ni cha nani. Hakukisogeza.

"Ng'washi," akasema.

"Abee, baba."

"Yule nesi alisema ukichoma, ule." Maneno yalikuja moja moja. "Alituambia wote wawili. Tulisahau."

Leonsia alikaa kwenye kigoda. Kikombe kilikuwa mapajani mwake, mramba unalowesha gauni jeupe, naye hauoni. Miaka yote alihesabu alichomnyima, na leo kwa mara ya kwanza alionekana kama mtu aliyeambiwa ahesabu upya. Kutoka barabarani zikasikika sauti, Clavery na wageni wa Busisi, mtu anacheka, mtoto anaulizia senene.

Ng'washi aliona vidole vya mzee vimeanza tena kuchezacheza juu ya goti.

"Mama," akasema polepole, "utamu wa mramba utamwisha. Ataanguka tena."

Sufuria ya ndizi ilikuwa inatokota, harufu ya nyama imejaa uani, na mwiko ulikuwa karibu na mkono wa Leonsia, mwiko ambao hakuna mwingine katika nyumba ile aliyeugusa bila ruhusa.

Mzee Rutashobya alijiinua kidogo, akaegemea mkono wa mkamwana wake. Alimtazama mkewe kama wakulima walivyokuwa wakimtazama yeye zamani, kofia mkononi, mbele ya mizani.

"Mama Clavery," akasema, "naomba nile."

Leonsia aliangalia kikombe, akakiweka chini, akanyoosha mkono kuuchukua mwiko.