Mayai Saba ya Kuchi

Nyumbani kwa Bi Zamzam mgeni haoni jiko. Hata uwe umelelewa mumo humo, ukija na viatu vya kazi na begi la serikali wewe ni mgeni, na mgeni huketishwa mbele, akaletewa kahawa na kashata, akaonyeshwa kilicho kizuri. Bi Zamzam alizaliwa Amu, mji wa Lamu, kwenye majumba ya mawe, akaolewa Kizingitini na Mselem mvuvi wa kambamti, na miaka arubaini ya kuishi na wavuvi haikumpunguzia adabu hiyo hata chembe. Majirani walimtania kwamba hata paka wake hunawa kabla ya kula.

Afra alilelewa mumo humo. Mselem alikuwa ammi yake, ndugu wa babake, na mamake Afra alipofariki, Bi Zamzam ndiye aliyemchana nywele na kumkagua kucha mpaka akamaliza shule. Alimwita mama, na hakuwa na mwingine wa kumwita hivyo. Sasa Afra alikuwa afisa mifugo, na asubuhi hiyo aliketishwa mbele kama wageni wengine.

Alikuja kwa sababu kuku wa mtaa wa pili walikuwa wakifa. Kwanza wanakoroma, kisha wanapumua midomo wazi, siku ya tatu shingo imepinda, na baada ya wiki banda ni tupu. Afra alishuku kideri. Lakini kushuku si kujua, ndiyo maana alibeba vijiti vya pamba. Unamshika kuku, unamzungushia kijiti kooni, unakitia kwenye kichupa, kichupa kinalazwa kwenye barafu, kinavuka kwa mashua hadi Manda, na kutoka Manda kinapanda ndege hadi maabara ya bara. Huko mashine husoma vinasaba na kusema kama kirusi kimo au hakimo. Mashine hiyo haibahatishi, huona ugonjwa hata kabla kuku mwenyewe hajauhisi. Kitu kimoja tu haiwezi, nacho ni kumpima kuku ambaye hakuletewa.

"Utawapima na kuchi wa ammi yako?" Bi Zamzam aliuliza.

"Nimekuja kwa ajili yao, mama."

Kuchi wa Mselem walijulikana kisiwa kizima. Kuku warefu, miguu kama ya mtu aliyekunja suruali kupita majini, na sauti nzito. Babake Mselem alianza na jogoo mmoja kutoka Siyu, na tangu hapo hawakuchanganywa na kuku wa mitaani. Jogoo wa sasa, Mselem mwenyewe alimwita Bwana Harusi, kwa sababu alitembea kama anayejua kwamba watu wote wamekuja kwa ajili yake. Mselem alifariki miaka miwili iliyopita. Bwana Harusi aliendelea kuwika alfajiri kama alivyozoea, na Bi Zamzam alimwambia Afra waziwazi kwamba jogoo huyo ndiye aliyemfanya aendelee kuamka.

Mbegu ile ilibaki nyumba mbili tu: hapo Kizingitini, na Mkokoni ng'ambo ya pili, kwa Radhiya, mdogo wake Bi Zamzam, ambaye Mselem alimpa vifaranga siku alipoolewa.

"Nataka kumpeka Bwana Harusi Mkokoni," Bi Zamzam alisema. "Yeye na mitetea wawili. Ugonjwa ukiya hapa, mbegu isalie kule."

"Subiri, mama. Siku tano tu. Nikikuambia wako safi, mpeleke. Nisipokuambia, asitoke hata mlangoni."

"Basi neno ni lako."

Aliwaleta kuku watano, mmoja mmoja, amewapakata. Walikuwa wamepanguswa miguu. Bwana Harusi aliletwa wa mwisho, macho makali, manyoya yanang'aa, akavumilia kijiti kooni kwa dharau kubwa.

Afra alipokuwa akiandika namba kwenye kichupa cha tano, alisikia sauti kutoka nyuma, upande wa jikoni. Ilikuwa sauti kavu, fupi, halafu ikaja tena. Alisoma miaka mitatu kuijua sauti ile. Aliinua kichwa. Bi Zamzam naye alikuwa amesikia, maana ghafla alianza kumsimulia arusi ya jirani kwa sauti ya juu, huku anammiminia kahawa ambayo hakuiomba.

Fomu ilikuwa na swali: kuna kuku wanaoonyesha dalili? Afra alimtazama yule mama, amevaa buibui lake la kutokea, kashata zimepangwa sahanini, na hakuwa na uso wa kumwambia anyanyuke amwonyeshe jikoni. Aliandika: hakuna. Mtu mwenye kazi yake hafanyi hivyo, na Afra alilijua hilo kalamu ikiwa bado mkononi.

Siku ya tano Emily wa maabara alimpigia simu. "Hawa watano wako safi, Afra. Hakuna kirusi. Lakini fomu yako inanishangaza. Mtaa wa pili wanakufa, na hapa hakuna hata mmoja anayekohoa?"

"Hakuna," Afra alisema, mara ya pili.

Akampigia Bi Zamzam. "Wako safi, mama."

Bi Zamzam alimsomea Mselem fatiha palepale kwenye simu, na Afra akaitikia amina. Kesho yake Bwana Harusi na mitetea wawili waliwekwa kwenye tenga jipya, wakavushwa Mkokoni. Walipofika, Radhiya alituma picha, jogoo amesimama juu ya mtumbwi uliopinduliwa, kuku wote wa uani wamemzunguka.

Siku tisa baadaye Radhiya alipiga simu akilia. Mtetea mmoja alikuwa amekufa, na Bwana Harusi shingo imepinda, anazunguka mahali pamoja. Afra alivuka siku ileile. Alipofika, jogoo alikuwa amelala ubavu kwenye mchanga, na kuku wa Radhiya, thelathini na wawili, walikuwa wamejikunyata kivulini midomo wazi. Alichukua sampuli za kila mmoja aliyekuwa hai na za waliokufa pia. Alikagua kila pembe ya uani ule, akainua hata tenga na vikapu. Radhiya alimfuata nyuma bila kumlaumu, na hilo lilimchoma zaidi kuliko kama angemtukana.

Majibu yalikuja haraka. Ni kideri, kwa wote. Emily hakuuliza kitu safari hii. Wiki ilipokwisha, uani kwa Radhiya hapakuwa na kuku hata mmoja.

Afra akarudi Kizingitini na agizo mkononi: waliokufa wafukiwe, waliobaki na kila kilichotoka kwao kiteketezwe, banda limwagiwe dawa. Hakuketi mbele. Bi Zamzam alimfungulia mlango akiwa na kanga ya nyumbani, nywele hazijafungwa, jambo ambalo Afra hakuwahi kuliona maishani, akamtangulia moja kwa moja mpaka jikoni.

Pembeni ya meko palikuwa na kapu kubwa la makaa, limepinduliwa.

"Walikuwa hapa," Bi Zamzam alisema. "Watatu. Siku ile uloya na vijiti vyako. Walikuwa wakitoa kamasi, wamechafuka. Nikaona, wewe umekuya na kazi yako, utaenda kuwaambia wenzako kuku wa Mselem wako vile. Niliwafita chini ya kapu hili." Aliketi kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi. "Nimewaua kwa mkono wangu. Hawa wangu na wale wa Radhiya. Mbegu ya mtu aliyekufa, niliyoachiwa niitunze."

"Wote wamekwisha?"

"Mtetea wa mwisho alikufa jana. Alikuwa ameatamia."

Akaingiza mikono chini ya kanga, akafungua fundo kiunoni, akatoa bunda la kikoi cha zamani. Afra alikijua kikoi kile cha ammi yake. Ndani yake yalikuwamo mayai saba.

"Yeo sikufiti kitu, mwanangu. Nimeyalalia tangu jana. Nimejifunga nayo tumboni, sijainama, sijageuka. Yapime. Kipimo chako hakikusema uongo, ni mimi nilosema uongo. Kikisema haya ni safi, basi Mselem atakuwa amesalia."

Kama Bi Zamzam angeyaficha, Afra asingeyaona. Angefukia kuku, angemwaga dawa, angeondoka. Hilo alilifikiria, na alijionea haya kwa kulifikiria. Agizo lilisema kila kilichotoka kwao. Mayai ya mama mgonjwa hayangojewi majibu, maana kirusi huwa ndani na juu ya ganda, na kifaranga mmoja angetosha kuanza upya mtaa mzima.

"Hayapimwi, mama," alisema. "Lazima niyachome."

Bi Zamzam aliyatazama mayai.

"Na uongo si wako peke yako," Afra aliendelea. "Siku ile niliwasikia. Nilikaa pale mbele nikawasikia wakikohoa, nikaandika hakuna. Maabara wakaniuliza, nikasema hakuna. Ningeinuka nikaja hapa jikoni, Bwana Harusi asingevuka."

Bi Zamzam aliinua macho. Alikuwa na uso wa mtu aliyechoka kabisa.

"Nilijua umesikia," alisema. "Nilikuona ukiinua kichwa. Ukaandika, ukanywa kahawa yangu, hukuniaibisha. Ulipotoka nilikuombea dua. Nilisema, mtoto huyu nimemlea vyema."

Afra alilia hapo, amesimama, glavu mikononi, na hakuwa na kidole kisafi cha kujipangusia. Bi Zamzam ndiye aliyempangusa, kwa ncha ya kanga, kama zamani. Kisha akafungua yeye mwenyewe mfuko wa manjano aliokuja nao Afra, akayatia mayai mojamoja, taratibu, yasivunjike. Kikoi nacho akakitia, bila kuambiwa.

Afra akaufunga mfuko, akaubeba kwa mikono miwili hadi kwenye shimo la kuchomea. Njia nzima alihisi joto lao kupitia glavu.