Mhunzi wa Nguzo ya Kwanza

Mambo haya ni kweli tupu, na msimuliaji anayaapia kwa meno yake manne yaliyobaki.

Mwanamke mmoja, mpaka rangi, alikuwa juu ya ngazi, akiipaka nguzo ya kituo cha reli rangi ya chuma. Nguzo za chuma zilizobeba paa la jukwaa tangu enzi za mababu zilikuwa zimeng'olewa, na mahali pake mkandarasi akasimamisha za plastiki, zenye maua yaleyale na mikunjo ileile. Ukizitazama, chuma. Ukizigonga, ndoo.

"Mkaguzi ana tabia ya kugonga," mkandarasi alisema. "Mumeo yuko wapi?"

Mumewe alikuwa mhunzi wa kituo, na kazi yake ilikwenda na chuma. Nyundo zilikuwa zimemkaa kifuani, hata kikohozi chake kililia kama reli iliyopigwa. Alipoitwa alivua viatu, akajipenyeza kwa tundu la chini kwenye nguzo ya kwanza, ambayo haikuzidi unene wa paja, akajipanga humo.

Mkaguzi akagonga. Nguzo ikajibu: ngang. Nyingine zilikuwa juani, hakuzifikia.

"Sasa atoke," mpaka rangi akasema.

"Shemeji," mkandarasi akajibu, "mkaguzi hurudi kila mwaka. Mwache apumzike, humo halipi kodi."

"Baba watoto, unamsikia huyu?"

"Namsikia, mama watoto. Pamebana, ila kazi ni kazi. Tatizo mvua. Maji ya paa lote yanapitia humu."

"Hilo tutaliangalia," mkandarasi alisema, akaagiza tundu la chini lizibwe na kupakwa rangi. Mpaka rangi alikuwa na watoto wa kulisha. Akapaka.

Siku ya ufunguzi wageni walisifu jinsi chuma cha kale kilivyotunzwa. Mkandarasi akapewa vituo vingine, akamuuliza mpaka rangi kama mumewe ana ndugu wa kiume.

Siku hizi mama huyo huegemea nguzo kila asubuhi, akimpa mumewe habari za nyumbani: nani kaota jino, nani kaja kukopa. Masika mhunzi hukohoa, na abiria, wakidhani ni kengele, huinua mizigo yao. Kisha mkewe humuaga na kupanda treni, ambayo hufika kwa wakati wake.

"Hapo hapo, mzee," akadakia muuza chai wa jukwaani. "Mtu ndani ya nguzo, sawa, hata mimi humsalimia. Lakini treni ya hapa kufika kwa wakati?"

Wasikilizaji wote wakamgeukia mzee. Msimuliaji akatia mkono mfukoni, akalipia chai ya kila mtu, faini ya aliyenaswa akidanganya, pamoja na kikombe kile ambacho muuza chai humimina jioni kwenye mfereji wa paa.