Mkono Chini ya Fremu

Kitu cha kwanza alichokigundua Reine kilikuwa joto la uzi. Ilikuwa Jumanne asubuhi, jiko la kuni lilikuwa halijawashwa, na vidole vya kila mtu katika chumba cha kushonea cha Madamu Thouvenin vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi ya Lunéville, mji wa mashariki mwa Ufaransa. Uzi wake tu ndio uliokuwa vuguvugu, kama umetoka mfukoni mwa mtu.

Mbele yake kulikuwa na gauni la jioni la zamani, jeusi, lililojaa shanga nyeusi na puleki nyeusi, vile visahani vidogo vya kumeremeta, kuanzia begani hadi pindoni. Lilikuwa mali ya wenye kiwanda cha bia, ambao binti yao alitaka kulivaa kwenye sherehe ya uchumba wake. Mabega yalikuwa yamechakaa, na ubavuni mstari mzima ulikuwa umefumuka. Mshono wa Lunéville ni mnyororo. Ukikatika mahali pamoja, shanga hudondoka moja baada ya nyingine mpaka mtu awahi kuushika mwisho wake.

Reine alikuwa amekibana kitambaa kwenye fremu, upande wa mbele wa kitambaa ukitazama chini. Washonaji wa kule hushona kwa nyuma. Mkono wa kulia huwa juu na sindano yenye ndoano. Wa kushoto huwa chini, hauonekani, ukisogeza shanga moja moja ili ndoano idake uzi wake. Uzuri wa kazi huonekana siku fremu inapogeuzwa.

Chini ya fremu, mkono wake wa kushoto uliukuta mkono mwingine uko tayari kazini.

Hakuuondoa wake. Aliupapasa ule mwingine taratibu: kidole cha shahada chenye ncha ngumu, gumba lililopinda kwa ndani, ngozi nyembamba kama karatasi ya kufungia siagi. Ulikuwa mkono wa bibi yake, Aurélie, aliyezikwa majani yalipokuwa yakipukutika. Ulianzia kwenye kikunjo cha sweta ya kijivu aliyozikwa nayo, na nyuma ya kikunjo hapakuwa na kitu.

Gauni lile bibi ndiye aliyelishona, kwa ajili ya nyumba moja ya mitindo ya Paris, enzi hizo akiwa na macho mazuri. Macho yale yalianza kumharibikia kwenye gauni hilo hilo, nyeusi juu ya nyeusi, majira yote ya baridi kando ya dirisha. Miaka mingi baadaye, alipokuwa haoni tena tundu la shanga, alimtoa Reine shuleni akiwa na miaka kumi, akamkalisha kwenye kigoda amtungie shanga. Majirani walipouliza, alisema mtoto mwenyewe shule haipendi. Reine alikuwa anasikia, na aliendelea kutunga.

Josiane, aliyekaa fremu ya jirani, aliinama akachungulia, akauona mkono, akauamkia.

“Bibi yako kiboko,” alimwambia Reine alipoinuka. “Wenzake wakifa wanapumzika, yeye anakuwahi kazini.”

Madamu Thouvenin alikuja na miwani yake, akauliza jambo moja tu, kama mkono ule ni mkavu. Puleki za wakati ule zilitengenezwa kwa gundi ya mifupa, zikiguswa na maji huyeyuka kama peremende mdomoni. Reine alisema ni mkavu. Hata hivyo Madamu alitandika taulo chini ya fremu, kisha akarudi kwenye simu yake.

Kazi ilikwenda vizuri. Mkono ulileta shanga zake wenyewe, za weusi ambao hakuna tena mtu anayeutengeneza, na Madamu alifurahi, maana alikuwa amezitafuta mpaka Paris asizipate. Mchana jua lilipopenya mawinguni, chumba kilijaa mlio mdogo wa shanga, kama mvua inayonyesha kwa jirani. Reine alisinzia macho wazi. Alijihisi yuko kwenye kile kigoda, na papo hapo yuko juu ya kiti chake, na katikati ya viwili hivyo hapakuwa na umbali wowote. Alipozinduka alikuta ua zima la shanga limekamilika na mkono wake wa kulia haujachoka.

Tatizo lilikuwa saa kumi na moja.

Jioni ile Reine alikuwa na mahali pa kwenda. Shule iliyo nyuma ya kanisa ilikuwa inaanza darasa la watu wazima ambao hawakumaliza shule ya msingi, na jina lake lilikuwa limeandikwa. Alikuwa amelizunguka kanisa jioni nyingi kabla ya kuthubutu kuingia. Mwalimu alimweleza waziwazi kwamba nafasi ni chache. Vipindi ni Jumanne na Alhamisi, na asiyeonekana wiki ya kwanza, nafasi yake anapewa mwingine.

Kengele ilipolia, Reine alichomoa ndoano ainuke. Mkono wa chini ukamshika vidole. Haukumuumiza. Ulimshika kama mtu mzima anavyomshika mtoto wakivuka barabara.

“Mwambie akuachie,” Josiane alisema akivaa koti. “Si bibi yako?”

Reine alisema atamwambia. Hakumwambia. Tangu azaliwe alikuwa hajawahi kumtamkia bibi yake neno hapana, na hakujua linaanzia wapi. Mkono ulimpa shanga, akaidaka. Josiane alimwachia kipande cha mkate na soseji. Saa mbili, darasa lilipokwisha, vidole vikalegea vyenyewe.

Alhamisi ikawa vilevile. Josiane alimshika Reine kiunoni akavuta, fremu ikaja pamoja nao, na Madamu akawaomba kwa upole wasije wakachana kitambaa. Ndipo Josiane akapiga magoti.

“Bibi Aurélie, mjukuu wako ana darasa. Leo shona na mimi, nitakuvumilia.”

Mkono ulimwachia Reine, ukamfinya Josiane pua, ukarudi kumshika Reine tena. Katika kitambo hicho Reine angeweza kuuondoa mkono wake. Hakuuondoa. Josiane aliliona hilo, akajifuta pua, akaenda nyumbani.

Ijumaa fremu ikageuzwa. Gauni lilimeremeta kama kisima kilichofunuliwa kifuniko, na hata Madamu alinong'ona badala ya kusema. Binti wa kiwanda cha bia alilivaa pale pale, akazunguka. Mama yake aliisifu nyumba ya mitindo ya Paris iliyoandikwa shingoni mwa gauni, akasema siku hizi hakuna tena watu wa namna ile. Mkono ulikuwa juu ya taulo, umelala. Hakuna aliyeutambulisha.

Mwalimu alituma salamu kwamba nafasi amepewa mke wa mwoka mikate, Reine ajaribu mwakani. Madamu alimfariji kwa habari kwamba kuna gauni jingine njiani, nalo ni la mkono wa Aurélie, na baada ya hilo yapo mengine. Alikuwa ameshanunua taulo la pili.

Gauni hilo lilikuwa la rangi ya fedha. Lilipobanwa kwenye fremu Jumatatu, Reine alipitisha mkono chini, na ule mwingine ulikuwepo, wenye joto, ukiwa na shanga ya kwanza kati ya vidole. Waliendelea hivyo mpaka Madamu na Josiane wakaenda kula. Chumba kikabaki na ule mlio wa mvua ya kwa jirani.

Reine alidaka shanga, akavuta uzi, akadaka nyingine. Hakuacha kushona. Alisema akitazama kitambaa, kwa sauti ya mtu anayeomba apitishiwe mkasi.

“Bibi, siku ile mwalimu wangu wa utotoni alipokuja kuniulizia ukamwambia shule siipendi, mimi nilikuwa jikoni, nyuma ya mlango. Nilikuwa nimeshavaa viatu vya shule.”