Panga la Nne

Bwana Gusa alikuwa na ugonjwa usio na dawa: hakuweza kupita penye kitu bila kukishika. Karakana ya kuvalisha vyuma aliyoisimamia aliipata kwa kuoa. Marehemu baba mkwe alimwona kijana ana tai na cheti, akamkabidhi ofisi. Binti yake mkubwa, dada wa bibi harusi, aliyekuwa ameshika bunduki ya kupulizia metali kwa miaka ishirini na miwili, akaachiwa joto na kelele. Mafundi walimwita Mama Moto. Ni yeye aliyembandika shemeji yake jina la Gusa, na hakuwahi kulijutia.

Siku hiyo walikuwa na mapanga sita ya feni ya kiwanda cha saruji, kila moja pana kama mlango wa kabati. Vumbi la saruji hukwangua chuma mpaka kikatoboka, kwa hiyo mapanga huletwa yavalishwe utando mgumu: unga wa metali unayeyushwa na bunduki, unarushwa kwa kasi na kuganda juu ya panga, tabaka kwa tabaka. Ila haugandi kwa kubembelezwa. Kwanza chuma hupigwa kwa chembe kali mpaka kiwe kijivu na kikwaruze, na kikishapigwa hakishikwi na mkono mtupu, hata uwe wa malaika. Jasho la kidole kimoja linatosha kuharibu kazi. Mzee aliliandika hilo ukutani kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kama viatu: USIGUSE.

Bwana Gusa aliingia na simu yake akitaka picha ya kalenda. Alikuwa ametoka kujipaka krimu, maana mikono yake aliienzi kuliko mke wake. Akampa fundi mmoja simu, akatabasamu, akaegemeza kiganja chake chote juu ya panga la nne, chini kabisa ya maandishi ya mkwewe.

"Shemeji, toa mkono!" Mama Moto alipiga kelele.

"Kwani linauma?"

"Umeshalichafua. Inabidi lipigwe chembe upya. Saa moja tu, litakuwa tayari."

"Mkono wangu msafi, nimenawa. Mkaguzi wa kiwanda anakuja kesho asubuhi na mimi sitaki visingizio. Pulizia."

"Nikipulizia sitaligonga namba yangu."

Kila kazi iliyopita mikononi mwake ilipigwa muhuri wa namba saba pembeni. Namba hiyo alipewa na baba yake, na ndiyo pekee aliyomwachia. Kiwanda kilipokea mapanga kwa sababu ya saba, si kwa sababu ya tai ya mtu.

"Shemeji ni shemeji, lakini kazi ni kazi," alisema Bwana Gusa. "Hutaki, mlango ule pale. Nitapulizia mwenyewe."

Mtu huyo hakujua bunduki inawashwa wapi. Angeunguza jengo zima na mafundi kumi na watatu ndani yake. Mama Moto akavaa kinyago chake, akapulizia mapanga yote sita, na yule bwana akasimama palepale kama askari wa lindo mpaka utando ukafunika alama yake. Matano yakapigwa saba. La nne likabaki tupu, naye Bwana Gusa, kichwa kimemvimba, akachukua kalamu ya kuchonga chuma akaandika jina lake lote, pamoja na cheo, mistari mitatu.

Asubuhi mkaguzi akaja, mama mfupi asiye na maneno mengi, na nyundo ndogo mkononi. Akagonga panga la kwanza, akasikiliza. Akagonga la sita. Bwana Gusa alikuwa akimmwagia maneno ya teknolojia ambayo yeye mwenyewe hakuyaelewa. Mkaguzi akatoa kalamu asaini.

Mama Moto alijua saini ile ni mishahara ya watu wote mle ndani, na chakula cha wapwa zake pia. Angeweza kunyamaza. Lakini aliwaza utando ukibanduka feni ikiwa inazunguka kwa kasi, na watu wamesimama chini yake, na roho ikakataa.

"Mama, lile la nne hujaligonga," alisema.

Bwana Gusa alimtumbulia macho. Mkaguzi akagonga. Sauti ikatoka butu, kama ya sufuria iliyopasuka. Akaingiza ukucha, na utando ukaanza kubanduka vipande vipande, mpaka chini ya jina na cheo kikaonekana kiganja kizima cha mtu, vidole vyote vitano.

"Mkono wa nani huu?"

"Hawa... mafundi," alisema Bwana Gusa. "Nawaambia kila siku."

"Hebu weka wako."

Akaweka, maana hakuwa na pa kukimbilia. Ulienea barabara. Hata pale pete ya ndoa ilipokuwa, palikuwa na alama yake. Mafundi wakainua macho ukutani, wakasoma neno lile taratibu kama wanalisoma kwa mara ya kwanza. Mkaguzi akasaini matano, akaandika kwamba la nne lirudiwe, na kwamba kuanzia leo kiwanda hakipokei kitu kisicho na saba.

Bwana Gusa akataka kuutoa mkono.

"Uache hapohapo, shemeji," alisema Mama Moto, akiomba simu. "Ile picha ya kalenda hatujaipiga vizuri."