Mwalimu wa Taipu na Wifi Yake

Mwalimu alifundisha watu kupiga taipu miaka thelathini na moja, na siku alipostaafu alijua atapumzika. Badala ya pumziko akapata wivu.

Alikuwa akikaa nyumba moja na wifi yake, mjane wa kaka yake. Wifi huyo alijitolea hospitalini kila Jumanne na Alhamisi, akiwasomea wagonjwa gazeti na kuwashika mikono, nao wakampachika jina la Asali. Akirudi jioni alianza simulizi: leo bibi wa kitanda cha nne kacheka, leo daktari kaniita mama. Tangu aanze kazi hiyo presha yake ilikuwa imeshuka, na usingizi aliokuwa ameupoteza tangu msiba ulimrudia wenyewe. Mwalimu, aliyekuwa akikesha akihesabu mbao za dari, alimsikiliza uso kama wa aliyelamba ndimu.

"Wifi, si twende wote siku moja?" Asali alimwambia.

"Nikawabembeleze watu? Kwani mimi sina kazi?"

Kazi hakuwa nayo. Wiki hiyo hiyo, sokoni, muuza nyanya alimkazia macho. "Wewe si ndiye ndugu yake Asali?" Lile "ndugu yake" lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Jumanne iliyofuata alimtangulia wifi yake hospitalini, bila kumuaga.

Mratibu wa wanaojitolea, mama mfupi mwenye funguo tele kiunoni, alimuuliza angependa kufanya nini.

"Anachofanya wifi yangu."

Mratibu alimtazama kidogo, kisha akampa koti la kijani.

Ikawa balaa. Gazeti alilisoma kama anayesomesha imla, nukta na mkato vyote. Mgonjwa mmoja alilala, mwingine akaomba kupelekwa msalani ilhali ndiyo kwanza ametoka huko. Alipomshika mama mmoja mkono, mama wa watu akauliza amekosa nini. Na kule mwisho wa wodi, Asali alikuwa amezungukwa na watu watatu, wote wanacheka. Mwalimu alijikaza kisabuni hadi saa sita, kisha akaenda kurudisha koti.

Mratibu hakulipokea. "Nilikuuliza unapenda nini, ukanijibu habari za wifi yako. Sasa nakuuliza wewe. Umeishi kwa kufanya nini?"

"Nilikuwa nafundisha vidole."

Alitaka kusema taipu, neno likatoka hivyo. Mratibu akainuka, akampeleka chumba cha mazoezi.

Humo aliketi dereva wa lori aliyepigwa na kiharusi, mkono wa kulia umelala mapajani kama mzigo wa mtu mwingine. Kila dereva alipochoka, Asali, aliyekuwa akimsaidia mazoezi, alimwambia, "Pumzika baba, tutajaribu kesho." Kesho hizo zilikuwa zimetimiza wiki tatu. Mwalimu alivuta meza, akauweka mkono juu yake, akagusa kidole cha shahada.

"Bonyeza hiki."

"Hakisikii."

"Sijakuuliza kama kinasikia. Bonyeza."

Dereva alipandwa na hasira. Tangu augue hakuna aliyekuwa amemsemesha kama mtu mzima. Akabonyeza kwa hasira hiyo hiyo, na kidole kikasogea, labda upana wa punje ya mchele. Wote wawili walikitazama.

"Tena," alisema Mwalimu.

Miezi miwili baadaye dereva alikuwa akifunga vifungo vya shati mwenyewe, na wagonjwa wakiulizana asubuhi kama Mkali kafika, jina walilompachika Mwalimu. Mwalimu alilala fofofo. Jioni sasa simulizi zilikuwa zake, hadi siku moja Asali akaweka kikombe chini.

"Yule dereva ananiambia nisimpotezee muda."

Mwalimu alipaswa kumliwaza. Badala yake alisikia utamu moyoni, kisha akauonea haya.

"Nimekuonea wivu mwaka mzima," alisema.

"Najua. Nilidhani ukija hospitali utauacha huko. Sikujua utanigawia."

Walicheka hadi machozi, ingawa Asali aliyafuta upesi kidogo. Kesho yake Mwalimu alimwambia dereva kwamba baada ya mazoezi atasomewa gazeti, apende asipende. Dereva akakubali, akinung'unika.

Siku ya kuruhusiwa alitia sahihi fomu kwa mkono wake wa kulia. Alimshukuru Asali kwa maneno marefu, akamwombea dua, akamwita dada. Kisha akamgeukia Mwalimu.

"Vidole bado vinauma."

"Vizuri. Vinafanya kazi."

Hayo tu, akaenda zake. Kijicho kilimchoma Mwalimu, hakuna haja ya kuficha. Lakini mpishi mmoja aliyeletwa jana yake, mkono wa kushoto umemlegea, alikuwa ameshakaa mezani akilalamika kwamba anacheleweshwa. Mwalimu akavuta kiti.